Mkono wa Pili

Mimi ni fundi rangi. Igogo wananijua,
na Mabatini, kule juu nyumba zilikoegemea mawe
kama mlevi aliyeegemea mlevi mwenzake.

Mpangaji akihama, mwenye nyumba hunipigia.
"Magesa, piga mikono miwili, kesho kuna mtu anakuja kuangalia."
Nasugua kwanza, au sisugui, kulingana na bei.
Yale madoa nyuma ya kabati,
vinukta vyeusi kama ulezi uliomwagika,
kona ya juu kijani, kona ya chini imeota manyoya,
nayafunika. Rangi haiulizi.
Asubuhi chumba cheupe kama yai
na mtu analipa kodi ya miezi sita.

Kiswahili chetu mahali pengine ni kichoyo:
ukungu ni ule unaopanda alfajiri kutoka ziwani
ukalimeza Jiwe la Bismarck, kikabaki kichwa,
na ukungu ni huu, ulao ukuta, mkate, kiatu cha ngozi.
Neno moja.
Ule wa ziwani saa tatu umeshaondoka.
Huu haujui saa tatu.

Mwaka juzi mambo yalinibana, tukahamia Mabatini,
chumba kimoja, na nyuma ya ukuta, jiwe,
jiwe linalotoka jasho hata kiangazi.
"Kimepakwa juzijuzi," dalali akasema.
Minza alisimama mlangoni, akavuta pumzi:
"Mbona kinanuka gunia la viazi?"
Nikamwambia ni rangi mbichi.
Mimi, fundi, ndiye niliyesema hivyo.

Limi (kwetu Usukumani ndilo jina la jua)
alikuwa na miaka minne. Mvua zikaja.
Akaanza kukohoa saa nane za usiku,
kikohozi kikavu, kisha mluzi,
mluzi mwembamba kifuani, kama birika
linalochemka nyumba ya pili.
Tukanunua dawa ya kifua. Tukanunua ya minyoo.
Jirani akasema ni moshi wa mkaa; mwingine
hakusema, aliangalia tu pembeni.
Tukampeleka kwa bibi yake Magu, wiki mbili:
mluzi kimya, mtoto anakimbiza mbuzi.
Alirudi Jumapili.
Jumanne mluzi nao ukarudi.

Nesi wa zahanati, dada mmoja mwenye haraka,
hakuuliza mtoto anakula nini.
Aliandika, akainua kichwa:
"Kitanda chake kimegusa ukuta upi?"

Nikaenda nyumbani nikavuta kabati.
Ulikuwepo, mpana kama ngozi ya ng'ombe
iliyowambwa ikauke, ila hii ilikuwa inalowa.
Sare ya chekechea iliyoangukia huko
ilikuwa imeota nywele.
Nikachukua skrepa. Rangi ikabanduka maganda maganda,
nyeupe, na chini yake krimu,
na ndani ya krimu, pembeni mwa swichi,
alama ya kidole gumba chenye kovu.

Nilikitazama kidole changu.
Nikakiweka pale. Kikaenea.

Sisi mafundi kila tabaka la rangi tunaliita mkono.
Mkono wa kwanza. Mkono wa pili.
Miezi yote ile nauliza ni nini
kilichomkalia mwanangu kifuani.

Siku hizi nikiitwa navuta kabati kwanza.
Naweka kiganja ukutani, nanusa,
nasema: bomba linavuja, dirisha halifunguki,
rangi haitatibu hapa.
Wenye nyumba wamepata fundi mwingine,
kijana, ana mkono mwepesi.

Kitanda tumekiweka katikati ya chumba.
Tunakizunguka kama watu wanaozunguka jeneza,
Minza kanikataza kusema hivyo, lakini ndivyo.
Jana alfajiri nilimtoa Limi nje apate hewa.
Ziwa lote lilikuwa limefunikwa.
"Baba, na ule unakohoza?"
Nikamwambia hapana, ule jua likitoka unaondoka.
Akafikiri, pampu yake mkononi.
"Wetu jua lake liko wapi?"

Kodi tuliyolipa imebaki miezi miwili.